Anayeutangulia Mkokoteni

Mdogo wangu alikataa vidonge vipya. Dripu ya kuamsha kinga ya mwili ilikuwa imeshindwa kupunguza saratani ya figo yake, na sasa daktari alitaka aendelee na dripu hiyo huku akimeza vidonge. Alitueleza kwamba mishipa ya damu ndani ya uvimbe imeota ovyo, imejipinda na kubanana, hivyo chembe za kinga hazipenyi. Vidonge vingeituliza mishipa, ipitike.

"Dripu imeshindwa, Kaka, kidonge kitaweza nini?" aliniuliza tulipotoka hospitali, pakiti mkononi.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikasukuma mkokoteni Kariakoo ili yeye asome. Nilimkumbusha tunavyofanya kazi pale sokoni. Mwenzangu hutangulia mikono mitupu, akiwabembeleza wauzaji wavute meza na kukunja maturubai, ndipo nipite na mzigo. Yeye habebi kitu, lakini bila yeye nitasimama juani hadi jioni na duka nikiliona.

"Kwa hiyo mimi sasa ni Kariakoo?"

"Tena ya mkesha wa Idi."

Alicheka kidogo, akaigeuza pakiti mkononi. "Na wakikataa kuvuta meza?"

Daktari hakuwa ametuahidi kupona, nami sikuweza kuahidi zaidi yake.

"Siku nyingine hukataa," nilisema. "Hata hivyo lazima mtu atangulie."

Alikaa kwenye benchi la getini, akafungua pakiti, akanyoosha mkono nimpe maji.