Mlio wa Tairi la Kushoto

Juzi nilirudi Guangzhou baada ya miaka mingi, na teksi niliyopanda ilipokata kona kuingia mtaa wa Xiaobei ikalia chini: tak, tak, tak. Dereva hakusikia, au alijifanya hasikii. Nikaukumbatia mkoba wangu na kuanza kumchunguza uso kwenye kioo. Utanisamehe, rafiki yangu. Nimelelewa na mtu asiyemwamini hata kinyozi.

Baba alitoka Dar kuja kununua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha nyumbani. Alikuwa na gari kuukuu aliloling'oa viti vya nyuma ili majora yaenee. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, kisha analifungua jora zima dukani, analipima, analinusa, analipima tena, muuzaji kanuna. Mama alisema baba akifika peponi ataomba kwanza aonyeshwe hati ya kiwanja.

Gereji alikolipeleka gari hilo ilikuwa uchochoroni, nyuma ya mtaa wa Dengfeng. Fundi alikuwa jirani yetu, Mchina mpole wa maneno machache, na mama yake aliishi naye hapohapo. Nikitoka shule nilikaa jikoni kwa yule mama mpaka wazazi wangu wamalize shughuli zao. Nilimwita nainai, yaani bibi, kama wajukuu zake walivyomwita. Alininunulia sufuria yangu peke yangu, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini ili isiguswe na nguruwe kamwe. Uji wake wa mchele ulinukia tangawizi, ukichemka taratibu huku nyundo zikigonga upande wa pili wa ukuta. Baba, ambaye hakumwamini mtu kwa chuma, alimwamini bibi yule kwa sufuria. Mpaka leo sijui aliyapatanisha vipi hayo kichwani mwake.

Basi gari likaanza kulia kila baba akikata kulia. Fundi alilizungusha uani polepole, baba kakaa kando yake, usukani kaukata mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Mipira inayofunika jointi za tairi za mbele ilikuwa imepasuka pande zote mbili, kwa hiyo macho hayakusaidia, yalibaki masikio. Akashuka, akashika tairi la kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa familia, nikatafsiri: ukikata kulia, uzito unalalia kushoto, na jointi inayolia ni ya kushoto.

"Linalia likienda kulia, yeye anagusa kushoto," baba akasema. "Huyu anataka aitoe ile nzima abaki nayo. Mwambie hivyohivyo."

Sikumwambia hivyohivyo. Nilisema tu kwamba baba ana mashaka.

"Laoban," fundi akamjibu, yaani bosi, "shuka usikilize mwenyewe."

Baba hakutaka kumwachia mtu usukani tena. Akanisimamisha mimi ukutani, akazunguka mwenyewe mara tatu, kisha akachungulia dirishani. "Umesikia wapi?"

Nilisikia kushoto, wazi kabisa. Lakini nilimjua baba yangu. Ningesema hivyo, angesema nimelishwa maneno pamoja na uji, na jikoni mle nisingekanyaga tena. Nikasema kulia.

Kabla ya kuliacha gari, baba aliingia uvunguni na rangi nyekundu ya kucha ya mama, akazitia alama jointi zote mbili. Ndivyo wafanyavyo watu wa kwetu wanaoogopa kubadilishiwa vipuri. Fundi akabadilisha ya kulia, kama alivyoagizwa.

Kesho yake gari likalia vilevile. Baba akarudi moja kwa moja gereji na, mbele ya wateja, akamwita fundi mwizi. Neno hilo alilijua kwa Kichina, halikuhitaji mkalimani. Fundi alilipandisha gari kwa jeki, akatoa tairi zote mbili za mbele, akasimama pembeni. Jointi ya kulia iling'aa, mpya, haina alama. Ya kushoto ilikuwa kuukuu, ina doa jekundu. Fundi akaligusa lile doa kwa kidole, akaniuliza mimi ni nini. Nikamweleza.

Akabadilisha ya kushoto, na gari likanyamaza. Baba alisema binadamu hukosea, akaishia hapo. Mimi sikusema hata hilo.

Siku iliyofuata nilidhani nitakuta mlango umefungwa. Nainai alinipokea, akanipa uji wangu, akanifuta mdomo. Lakini baba alipokuja kunichukua, nainai alilimwaga begi langu la shule juu ya meza: madaftari, penseli, kifutio, leso. Akavipanga kimoja kimoja mbele ya baba.

"Angalia vizuri, mtoto," akaniambia. "Kila kitu kipo?"

Nikasema kipo. Baba alitazama ukuta. Nainai akafanya hivyo kila jioni, bila hasira, mpaka tulipohama mji ule, na kila jioni niliona aibu mpya.

Gereji haipo siku hizi. Pale pana nguzo za kuchajia magari ya umeme, zimepangwa safi, hakuna harufu ya grisi wala ya tangawizi. Nimewauliza wazee wa mtaa habari za nainai; wote wametikisa kichwa. Labda hawamjui, labda hawakupenda maswali yangu. Nilikuja kumwambia kwamba siku ile nilisikia kushoto.