Salamu kwa Gutema

Sauti ya Getnet Aweke ilijulikana Adis Ababa nzima kabla sura yake haijajulikana. Alianzia redioni, akahamia televisheni, na miaka yote hiyo alishika mwiko mmoja: hatangazi asichokiona. Timu ikicheza ovyo alisema inacheza ovyo, hata waziri anune. Mwanariadha akishinda alimwita kwa jina lake na la baba yake, akilivuta lile la baba mpaka mzee huko aliko ajione amekimbia yeye.

Alikuwa na kidonda kimoja. Mama yake alifariki asubuhi ya fainali ya kombe, ofisi nzima ikajua isipokuwa yeye. Wakamwacha apige kelele za magoli, wakacheka mizaha yake, kisha alfajiri wazee wakambishia hodi wamevaa nyeusi. Ndiyo desturi: msiba hausemwi ovyo, huletwa alfajiri, na watu wengi. Getnet hakuwasamehe.

"Mliniacha nicheke mama akiwa maiti," aliwaambia, akaapa hatamfanyia mtu hivyo.

Kiapo nacho kina siku yake. Jumapili moja uwanjani, mbio za kuchagua timu ya taifa zikikaribia kuanza, kocha Worku, anayemfundisha mkimbiaji Lensa, alimvuta kando.

"Gashe Getnet, mkubwa wangu, baba yake Lensa amefariki jana. Simu ya binti ninayo mimi. Kesho alfajiri tutamwambia."

"Mwambieni sasa."

"Ili iweje? Mzee mwenyewe aliuza ng'ombe kwa ajili ya leo! Nyamaza, nakuomba. Usituharibie."

Akatii, akaenda kukaa kwenye kipaza sauti chake. Lensa alipowapita wenzake mzunguko wa mwisho, Getnet aliita, sauti ikisambaa uwanjani kwa spika, "Lensaaa..." na jina la baba likamkwama.

"Malizia!" mwongozaji wa matangazo akamfokea sikioni. "Umelala?"

"Gutema," akasema, kama mtu anayesoma jina kaburini.

Yakafuata mahojiano ya moja kwa moja. Lensa alikuja akihema, bendera mabegani, meno yote nje.

"Gashe, leo umeniita vibaya! Baba atakununia. Nampa salamu. Ametazama, eti? Walisema watamwekea televisheni uani."

Kamera ilikuwa usoni pa Getnet. Nyuma yake Worku alishika kichwa. Nchi nzima ilikuwa ikisikiliza, na kule kijijini walikuwamo waliotoka kuzika, wanajua, wanangoja atasema nini. Alitaka kusema kweli. Wallahi alitaka. Akayatazama yale meno.

"Amekuona," akasema. "Alisimama."

"Baba? Na goti lile?"

"Na goti lile."

Binti akaruka, akakimbia kuwapungia watu. Getnet akashusha kipaza sauti, wakakata matangazo.

Kocha alimwambia asijisumbue kuja alfajiri, wazee wanatosha. Alikuja. Alivaa nyeusi akasimama mbele kabisa, maana aliyesema uongo hadharani hawezi kujificha nyuma ya migongo ya wenzake. Worku akabisha hodi.

Lensa alifungua akiwa na medali shingoni. Alikuwa amelala nayo. Akaziona nguo. Hakumtazama kocha wala wazee.

"Gashe," akasema taratibu, "ulisema alisimama."