Kiti cha Mifuko ya Salfa

Mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hanigombezi, anasema neno moja tu, "salfa," na mimi nafunga mdomo, naangalia chini kama mtoto aliyemwaga mboga. Sasa leo ngoja niwasimulie mwenyewe aibu yangu, maana nimechoka kuisikia imetiwa chumvi mitaani (eti mjomba aliangukia chooni, jamani, hakuna aliyeangukia chooni).

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, mimi fundi baiskeli pale Nachingwea, na nilikuwa nimempenda Somoe. Yeye na mama yake walikuwa wanatoka Likunja, upande wa Ruangwa, wanaleta mihogo sokoni kwetu, na mimi nilinunua mihogo, nikanunua mihogo, mpaka nyumbani wakaniuliza kama nimefungua hoteli. Mwisho Somoe akaniambia, "Issa, mihogo sasa basi. Leta mshenga, kuna watu wengine wameshaanza kumzungukazunguka baba." Usingizi ukaniisha.

Sasa kwetu posa bila mjomba si posa, na mjomba wangu Bakari alikuwa na goti bovu, mwendo mrefu hauwezi, na kupanda lori juu ya mizigo hataki kusikia. "Mshenga hateremshwi kama gunia la ufuta," alisema, na mjomba akishasema amesema. Ndipo nikakumbuka pikipiki ya bwana shamba mmoja mstaafu, iliyokaa nyuma ya banda lake miaka na miaka, kuku wanatagia juu ya kiti. Nilipomwomba alicheka sana. "Chukua bure. Ukiiwasha njoo unionyeshe, nami nishangae."

Nikaiwasha! Mwezi mzima nilihangaika nayo, na sikununua kitu kipya hata kimoja, vyote vya kuokoteza. Tanki lilikuwa na tundu, nikaliziba kwa sabuni ya kipande. Waya wa klachi nikafunga wa breki ya baiskeli, madigadi nikakata debe la mafuta ya kula, mbele nikaweka kioo cha tochi badala ya taa (hakikuwaka, lakini kilikuwepo), na rangi nikapaka iliyobaki walipopaka ubao wa shule, kwa hiyo ukipita na chaki unaweza kuniandikia matusi, na waliandika. Bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu, nikachukua la mashine mbovu ya kupulizia salfa, ile inayobebwa mgongoni wakati wa kutibu mikorosho, nikalikaza kwa bati na waya. Likakubali. Mlio ukawa uleule wa mashine ya salfa, lakini nani anajali mlio?

Kikabaki kiti. Ndani nikajaza usufi, juu nikakosa ngozi, nikaona mifuko mitupu ya salfa imetupwa nje ya ghala, mizuri, migumu, nikaishona miwili. Bado ilikuwa na unga wa njano ndani. Nikaikung'uta mara mbili, nikajiambia inatosha. Hiyo "inatosha" ndiyo iliyoniponza.

Tukaondoka asubuhi, mjomba nyuma yangu na kanzu yake nyeupe ya Idi. Kwa kuwa muoaji haonekani siku ya posa, achilia mbali kusema, nilijifunga kitambaa usoni nikabaki macho tu, tukakubaliana mimi ni dereva na dereva hana maneno. Njia yenyewe mnaijua, mashimo matupu, na kila shimo mjomba akiruka na kukaa, kiti kinapumua, puu! Sikugeuka nyuma hata mara moja, nilikuwa nasikiliza injini nikijisifu.

Tulipokaribia Likunja watu wakaanza kutoka mashambani, wanatupungia mikono, wengine wanatukimbilia. Ulikuwa msimu wa mikorosho kutoa maua, ugonjwa umeingia, na kijiji kizima kinamsubiri mpulizaji wa salfa aliyeahidi kuja akapotea. Na mimi nakuja na mlio ule, uso umefungwa, nyuma nimembeba mzee wa njano kuanzia kofia mpaka viatu. Mimi nikadhani ni mapenzi ya wakwe.

Baba yake Somoe, Mzee Chilumba, alitupokea uani kwa mikono miwili. "Karibuni sana! Wiki nzima tunawangoja nyie!"

Mjomba akaninong'oneza, "Umeona? Wanatutaka hawa." Akakalishwa kwenye kiti, akakohoa kishenga, na kwa kuwa posa husemwa kwa mafumbo, na yeye alitaka fumbo la msimu, akaanza: "Mzee mwenzangu, tumesikia hapa kwako kuna mkorosho mchanga umechanua. Tukasema tuje mapema usije ukaharibika."

"Alhamdulillahi! Lakini mbona mmoja? Ninayo mingi."

"Sisi tunautaka mmoja tu. Ule mdogo wa nyuma ya nyumba." (Somoe alikuwa nyuma, jikoni.)

Mzee Chilumba akapunga mkono. "Aa, ule achaneni nao. Una ugonjwa ule, umeoza mpaka ndani. Mwaka huu naukata kuni."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, maana kwenye kona ya uwanja niliona mifuko ya salfa imepangwa inatusubiri. Neno moja tu lingetosha: "Mzee, hatukuja kupuliza." Lakini muoaji hasemi, nami nikabaki kimya juu ya pikipiki, nimeshika usukani.

Mjomba akasimama. Goti lile lile bovu, akasimama bila fimbo. "Haujaoza! Usiseme maneno hayo juu ya kilicho chako! Mpwa wangu ameuona kwa macho yake sokoni Nachingwea, mzima kabisa, na una heshima!"

"Mkorosho?" akauliza Mzee Chilumba polepole. "Sokoni?"

Nikaona hapa pa kukimbia, nimchukue mjomba twende. Nikapiga kiki, nikabana klachi, nikatia gia, na waya wa baiskeli ukakatika, ta! Pikipiki ikaruka na mimi juu yake, ikapita katikati ya mihogo iliyomenywa ikaanikwa uani, ikalala kwenye ukuta wa jiko na kitambaa changu kikabaki kwenye kamba ya nguo. Kiti kikapasuka, wingu la njano likatanda juu ya chakula cha watu.

Mama yake Somoe akanitazama. "He! Huyu si mteja wetu wa mihogo?"

Nyuma ya ukuta nikasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi, na nilimjua. Mzee Chilumba akaitazama kanzu ya mjomba, akanitazama mimi, akatazama mihogo. "Kwa hiyo hamkuja kupuliza."

"Kupuliza nini?" mjomba akauliza.

"Basi nendeni," akasema bila hasira. "Siku mkirudi, njooni na mashine ya kweli."

Tuliisukuma pikipiki mpaka barabarani, mjomba akipumzika kila baada ya hatua chache, nami nikijua kabisa Somoe ameshaenda kwa mwingine. Lakini nilirudi. Niliazima mashine, nikaibeba mgongoni, nikapuliza mikorosho ya mzee siku tatu, na ule uliooza nikaupuliza pia kwa woga. Siku ya tatu ndipo nikapewa jibu.

Kanzu ya mjomba haikutakata tena. Aliivaa hivyo hivyo siku ya harusi yetu, ya njano, akikataa kuazima nyingine.

Miaka mingi nilidhani Somoe alinikubali kwa zile siku tatu za salfa. Siku moja nikajisifu hivyo mbele ya wageni. Akaniambia taratibu, "Hapana, Issa. Nilikuwa dirishani. Nilimsikia mzee ambaye hajawahi kuniona ananitetea mpaka amesahau goti lake. Nikasema nyumba yenye mtu kama huyu nitaingia. Wewe ulikuwa umekaa juu ya kiti chako, kimya."

Nimeapa sishoni tena kiti kwa mfuko wa salfa. Lakini akilitaja neno lile mbele za watu, si kiti ninachokikumbuka.