Glasi Tupu Siku ya Voirelles

Jamani, Huguette Bouvret namjua tangu shuleni, na nasema hata mbele yake: mbishi kama yeye hakuna katika milima yetu yote ya Jura. Ana baa karibu na kanisa hapa Sarvigny. Julai ikifika, mbio kubwa za baiskeli za kuzunguka Ufaransa zikianza, hakuuzii mvinyo unaoutaka wewe. Unakunywa wa mahali ambapo mbio za siku hiyo zinaishia, basi. Zikiishia Bordeaux, mwekundu wa Bordeaux na nyama ya kuchoma. Zikiishia Alsace, mweupe wa huko na soseji. Mwaka zilipoishia Normandy, wasikolima zabibu, alitumiminia kinywaji chao cha matufaha, tukanuna mpaka jioni.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Hutaki, kanywe kisimani."

Sasa mwaka huu siku moja ikapangwa kuishia Voirelles, nyuma ya kilima chetu. Na mwenye kutengeneza mvinyo Voirelles ni mmoja tu: Anselme, kaka yake Huguette, tumbo moja.

Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya baba yao. Siku ile waligombania mizabibu ya mzee, Anselme akafoka, "Nitaing'oa yote, tuone utalilia nini!" Huguette akalishika neno hilo, akaamini imeng'olewa. Hakuvuka tena kilima, na ukimtaja Anselme mle baa unanyang'anywa glasi. Fernand, tarishi mstaafu aliyekuwa akipeleka barua mpaka Voirelles, alijaribu mara mbili: "Lakini ile mizabibu ya baba yako..." Mara zote mbili alikwenda kumalizia kiu nyumbani kwake.

Siku yenyewe ikafika. Baa imefurika, jibini la Comté limekatwa, runinga inapiga kelele. Glasi zote tupu.

"Shoga, leo tunakunywa nini?" nikamuuliza.

"Maji."

"Na kanuni?"

"Nimesema maji!"

"Kumbe kanuni imekufa!" Fernand akachokoza. "Mbona hukutuita mazishini?"

Watu wakaangua kicheko. Huguette uso ukamwiva. Nilimwonea huruma. Kanuni ndiyo heshima yake mjini. Akiivunja, Fernand atamcheka mpaka kaburini. Akiifuata, ndiyo amemwangukia Anselme.

Basi ghafla runinga ikalipuka kwa kelele! Kijana mmoja amechomoka peke yake, kundi zima linamfukuza, mtangazaji sauti imemkauka. Sote tukasimama, tunagonga meza. Helikopta ikapanda juu, tukamwona kijana anakata kona chini ya kilima cha Voirelles. Juu yake mizabibu imenyooka, mstari baada ya mstari. Isipokuwa shamba moja. Pale mistari yote ilikwenda kombo kushoto.

Nikalitambua shamba. Kila mtu wa rika letu anajua: mzee Bouvret alilima kwa farasi chongo, na yule farasi alivutia upande wa jicho zima.

Huguette akadondosha kitambaa.

"Hakuing'oa," akasema. Kisha akapiga ukelele, madirisha yakatikisika: "Hakuing'oa, yule mjinga! Fernand, ulijua?"

"Ningekwambia lini, dada? Nikifungua mdomo tu, glasi imeondoka!"

Akanirushia aproni usoni, akatoka mbio, akarukia baiskeli ya Fernand iliyoegemea ukutani. Na umri ule! Baa nzima tukamwagika barabarani. "Kanyaga, Huguette! Kanyaga!" Alikiparamia kilima amesimama juu ya pedali, sketi inapepea, nasi tunashangilia kama vichaa. Nani alishinda kule Voirelles? Sijui mpaka leo, wala usiniulize.

Barabara zilizofungwa kwa ajili ya mbio zilipofunguliwa, gari la Anselme likaja, baiskeli nyuma, ndugu wawili mbele wanabishana. Anselme akaingia na kreti la zile chupa zetu fupi nene: mvinyo wa njano, uliolala pipani miaka sita bila kuguswa.

Huguette akafungua moja, akaonja kwanza yeye.

"Ulichelewa kuvuna," akamwambia kaka yake. "Kama kawaida yako."

"Na wewe ulichelewa kuja."

Huguette akapita na chupa akijaza glasi zetu, machozi yanamtiririka wala hayafuti, na ya kwanza aliyoijaza ilikuwa ya Fernand.