Njia ya Ng'ombe Niliyoilima

Nilikuwa meneja msaidizi katika mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, na niliamini kwamba bosi ni sauti. Nilizaliwa Tumati kwa wakulima wa milimani, nikasoma chuo cha kilimo, kisha nikashukia tambarare na cheti na kiburi. Meneja wangu hakuwa na sauti hiyo. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyewasalimia wafagiaji kabla wao hawajamsalimia. Nilimwona dhaifu.

Katikati ya shamba kulikuwa na ukanda usiolimwa, ambao wafugaji waliupitishia ng'ombe kwenda bwawani. Ni yeye aliyeagiza uachwe. Siku alipoitwa makao makuu aliniachia ofisi, akasema, "Ile njia usiiguse." Alipokwisha kupanda gari aliteremsha kioo akarudia, "Njia ya ng'ombe, tafadhali."

Kesho yake niliwatuma madereva wa trekta wailime na kuipanda. Nilitaka akirudi akute ekari zimeongezeka. Dereva mmoja aliniuliza kama meneja anajua.

"Meneja leo ni mimi," nikamjibu.

Ng'ombe hawakujua kwamba njia imekuwa shamba. Walipita walipozoea, juu ya mbegu. Nikaamuru wakamatwe na kufungiwa katika ua wa karakana, wakiwemo majike waliokuwa na ndama nyumbani.

Asubuhi akaja mama mmoja mzee, mwenye ng'ombe hao, amevaa vazi lake la ngozi. Alisimama mlangoni akingoja nimwamkie. Kwetu hata mtoto anayejifunza kusema hawezi kumpita mtu wa umri ule bila shikamoo. Mimi sikumwamkia, wala sikuinuka kitini.

"Ndama wanalia," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Mama zao wako kwako."

"Subiri meneja arudi," nikamwambia. Ghafla sikuwa meneja tena.

Akakaa chini nje ya ofisi, juani. Siku iliyofuata alirudi, akakaa palepale. Nilikuwa nampita nikienda kula, nikijifanya nasoma karatasi. Mafundi wa karakana waliwapa ng'ombe maji, debe baada ya debe, bila kuniuliza.

Siku ya tatu meneja alirejea. Hakuingia ofisini kwanza. Alimwendea yule mama, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndama mmoja amekufa."

Meneja aliinuka. Alinitazama, akautazama ule ukanda uliochimbuliwa. Nikajiandaa kufokewa mbele ya mafundi. Nilikuwa hata nimeshatunga utetezi wangu kuhusu ekari. Lakini yeye alimgeukia mama.

"Kosa ni langu," akamwambia. "Niliondoka bila kumweleza huyu kwamba njia ni yenu."

Alikuwa amenieleza. Mara mbili. Neno moja tu, "hapana," lingetosha, na sikulisema. Yule mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama asiyejua, na huruma ile niliipokea.

Meneja alifungua lango kwa mkono wake, akawasindikiza mama na ng'ombe kwa miguu hadi kwao, upande wa Gehandu. Baadaye nilisikia kwamba alimpelekea mtamba kutoka zizi lake mwenyewe huko Bashay. Ile njia ikarudishwa. Mimi nilisubiri kuitwa ofisini, siku hiyo na wiki nzima. Hakuniita. Karipio lingenipunguzia mzigo, na nadhani alilijua hilo, ingawa sijui kama ndiyo sababu.

Miaka kadhaa baadaye alihamishwa. Wafanyakazi wakanichagua mimi niseme sifa zake siku ya kumuaga. Nilisema anawahi kazini, hafoki, anayajua majina ya watoto wetu. Watu walipiga makofi. Sifa ile niliyoijua mimi kuliko wote, kwamba aliwahi kubeba kosa la mtu aliyekuwa amesimama kando yake kimya, niliiruka. Kuitaja kungekuwa kujitaja. Yule dereva wa trekta alikuwa amekaa mbele kabisa, na nilipofika mahali pale nikayahamishia macho yangu dirishani.

Meneja alikuja kunishika mkono. "Umenisifu mno," akasema.

Nikacheka, nikamwambia anastahili, kisha nikaenda kupanga mstari wa chakula pamoja na wengine.