Hesabu ya Sabuni ya Mtoto

Kuna neno ninalofundisha kila mwaka katika darasa la kemia hapa Bunia, na kila mwaka wanafunzi hulitafuna kama nyama ngumu: indice de saponification. Maana yake si ngumu. Ni kiasi cha soda kali kinachohitajika ili mafuta fulani yageuke sabuni yote, lisibaki tone. Mawese yana kiasi chake, karanga zina chake. Unasoma kwenye jedwali, unazidisha kwa uzito wa mafuta, umemaliza. Nililipenda neno hilo kwa sababu halibembelezi mtu, na mimi pia sina tabia ya kubembeleza.

Mama yangu amepika sabuni maisha yake yote bila kulijua. Vita vilipomfukuza shambani kwake Djugu, alifika kwangu na beseni moja na mwiko mweusi, na wiki haikuisha ua wangu wote ukanuka mawese. Hakupima kitu. Alimimina soda kwa macho, akakoroga, kisha sabuni ilipoanza kuwa nzito akaongeza kikombe kizima cha mafuta. Kikombe kile kiliniudhi kweli kweli.

"Mama, hiyo mafuta ya mwisho ni ya nini? Unaitupa bure."

"Ni ya ngozi," alinijibu. "Soda inakula sehemu yake, na ngozi nayo inapata yake."

"Hiyo haiko mu kitabu."

"Basi kitabu haiogi."

Kisha nikamzaa binti yangu, kabla ya siku zake, baada ya miaka ya kungoja mpaka nilikuwa nimekata tamaa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Sabuni ya dukani ilimtoa vipele kuanzia shingoni hadi miguuni. Muuguzi akaniambia wazi kwamba ngozi ile ikifunguka, vidonda vikaingia uchafu, mtoto mdogo hivi anaweza kutuponyoka. Nililia njia nzima.

"Nitamupikia sabuni yake," mama akasema.

Badala ya kusema aksanti, nikamwambia tutaipika kwa hesabu yangu, la sivyo haitamgusa mtoto. Hakubisha. Niliazima mizani ndogo ya jirani anayenunua dhahabu ya migodi ya Kilo, nikapima soda kijiko kwa kijiko huku jasho likinitoka. Sabuni ilipoanza kuwa nzito mama akasogea na kikombe chake cha mafuta. Nikamzuia kwa mkono.

"Hapana, mama. Hii iko juste, imetimia."

Akarudi ndani na kikombe chake.

Tuliacha vipande vikauke mwezi mzima. Asubuhi ya kuijaribu, maji yalikuwa vuguvugu, mtoto yuko uchi mapajani mwangu, na kipande cha sabuni nimekwisha kukilowesha.

"Leta kwanza," mama akasema.

Akakilamba, kama alivyozoea kulamba kila sabuni yake, maana sabuni nzuri haiumi ulimi. Akafumba macho. Akakigeuza, akalamba upande wa pili. Akakivunja katikati, akalamba ndani. Kisha akasema polepole, "Leo tumuogeshe na maji tu."

Nikawaka. "Sababu hesabu ni yangu, ee? Sema tu! Weye unazarau masomo yangu!" Nikanyoosha mkono nimpokonye kile kipande. Akafungua mdomo anijibu, ndipo nikaona ncha ya ulimi wake. Ilikuwa nyeupe, imebabuka.

Mungu wangu! Ilikuwa imebaki kidogo tu sabuni ile iguse mgongo wa mwanangu.

"Kalkili yako, ile hesabu, iko juste," mama akasema, maneno yakimwia mazito mdomoni. "Ni mafuta ndiyo haikusoma."

Jedwali linasema habari za mawese safi. Ya kwetu ya sokoni, mtu alikuwa ameyaongezea maji, nami nikapima maji yale nikayaita mafuta. Soda ikabaki nyingi, haina cha kula. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na mtoto naye akaanza kulia kwa baridi, mama akamfunika kwa kitenge chake.

Siku ileile alikwangua vipande vyote, akaviyeyusha kwa maji kidogo, akamimina mafuta yake, vikombe viwili mara hii. Mimi nilifungua kitabu kwa aibu. Chini ya somo langu kulikuwa na mstari ninaouruka kila mwaka kwa kuwa hautoki kwenye mtihani: surgraissage, kuacha mafuta kidogo ambayo soda haitayafikia, ili sabuni iwe laini kwa ngozi. Nikamsomea mama.

"Aa, iko na jina?" akasema. "Muzuri." Akaendelea kukoroga.

Sabuni hiyo ilipokauka ndiyo iliyomwogesha binti yangu, na vipele vikaisha. Lakini kabla ya hapo mama alikaa siku kadhaa akinywa uji uliopoa, hawezi kula kingine. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anampangusa mtoto masikio.

"Mama, mara ya kwanza tu ilikuunguza. Sasa juu ya nini ulilamba tena, na tena?"

Hakuniangalia.

"Nilikuwa natafuta ata pahali moja yenye hesabu yako iko muzuri, mutoto yangu."