Kigelegele cha Raheli

Kigelegele cha Raheli kilikuwa kinakwenda kwenye harusi ambazo mwenyewe hakualikwa. Miaka mitatu nyuma Vitalis, mwenye studio Mikumi, alikuja na maikrofoni hadi uani kwake Kilosa, akamrekodi akipiga kigelegele cha kupambia wimbo. Wimbo ukapendwa. Jina la Raheli halikutajwa popote. Wenye vifaa wana usahaulifu wa ajabu. Kisha Vitalis akakiingiza kigelegele kile kwenye kinanda chake, na toka hapo Raheli hakuitwa tena kwenye shughuli. Kitufe kimoja kilimtosha Vitalis.

Jumamosi alipoolewa binti wa jirani, Raheli alimfuata Vitalis pale kwenye spika alipokuwa anapiga kinanda, mchana kweupe, mbele za watu.

"Shikamoo, Mama Naomi."

"Marahaba. Hicho kigelegele ni changu."

"Aa, mama, vigelegele vyote si vinafanana? Hiki kilikuja na kinanda."

Wanawake wakaanza kusogea.

"Kitufe kipi?" Raheli akauliza.

Vitalis akamwonyesha huku anacheka. Yeye alizoea kukigusa na kukiachia papo hapo. Raheli alikikandamiza kama anakanda unga wa chapati. Kigelegele kikapaa, kikaisha, halafu spika zikanguruma: "We Naomi, huyo mbuzi anakula kanga yangu!"

Bibi harusi alicheka hadi shela ikamdondoka.

"Na aliila kweli," Raheli akasema. "Ile nyekundu. Mbona kwenye wimbo mbuzi hayupo?"

Vitalis akajikuna kisogo. "Wimbo niliutengeneza kwenye programu ya kompyuta, mama. Kule sauti yote naiona kwenye kioo, nakata, naunga. Mbuzi nikamkata. Kinanda chenyewe hakikati kitu, kimebeba kipande kama kilivyorekodiwa. Ukikigusa kinaanza, ukishikilia kinakwenda mpaka mwisho. Sasa mimi sijawahi kushikilia."

"Mimi nimeshikilia. Haya, nitaje."

Vitalis akachukua maikrofoni, akatangaza kwamba kigelegele ni cha Raheli, Mama Naomi, wa hapahapa Kilosa. Mama wa bibi harusi akamvuta mkono hadi mbele, na Raheli akapiga kimoja kirefu ambacho hakikuwa ndani ya kinanda chochote.

Siku hizi anaalikwa hadi Kidodi. Vitalis alitaka kuukata ule mkia wa mbuzi, lakini wenye harusi wamemkatalia; wanausubiri.